Kiwanja cha umma kikigeuzwa bustani, kinabaki cha nani?

Haya jamani, asanteni, wa nyuma sogeeni huku mbele viti vipo vingi tu. Mada mmeiona, eneo la umma la mapumziko limekaa miaka halina wa kulitazama, mabembea yameota kutu, majani yamefika kiunoni, na majirani wanajiuliza kwa nini tusilime. Jibu langu ni limeni, ila leo sianzi na mbegu wala mbolea, naanza na swali ambalo watu wengi wanalikimbia, kwamba mkishalima hapo hiyo ardhi inakuwa ya nani? Ni ya umma, na itabaki ya umma, na mkilishika hilo mengine yote, karatasi, geti, bomba, nani avune nini, yanapata pa kusimamia. Mkilisahau mnakuwa tu watu thelathini mliojimegea kiwanja cha watu wote mkaweka na kufuli.

Kwa hiyo kabla hamjaandika barua kwamba eneo halitumiki, nendeni mkakae pale. Asubuhi, mchana, jioni, siku ya kazi na wikendi. Mtaona kuna kanjia kamechongwa na miguu kanakatiza kona kwa kona, ni watu wanawahi kazini, mtaona kwenye benchi lililobaki kuna mzee anakuja kukaa kila siku, watoto wanapiga mpira pale palipobaki udongo mtupu, na usiku kuna mtu analala nyuma ya kile kibanda. Wote hao wana haki sawa na nyie wenye majembe, na mkijifanya hamkuwaona ndo hao hao watakaowang'olea uzio. Kale kanjia kaacheni, kapite katikati ya bustani kabisa, maana mtu anayepita hapo kila siku ni mlinzi msiyemlipa.

Sasa karatasi. New York mwaka 1973 Liz Christy na wenzake, walijiita Green Guerillas, walikuta kiwanja kimejaa takataka kwenye kona ya mitaa ya Bowery na Houston, wakasafisha, wakaleta udongo, wakapanda. Watu wanapenda kusimulia mpaka hapo tu, ule ushujaa. Mimi kinachonifurahisha ni kilichofuata, mwaka 1974 jiji likawakodisha kile kiwanja kwa dola 1 kwa mwezi. Dola moja! Hela yenyewe si hoja, hoja ni kwamba mwenye ardhi akishapokea kodi amekutambua, una faili, una risiti. Na hata hivyo jiji lile lile mwaka 1999 lilitaka kupiga mnada bustani zaidi ya 100, zikaokolewa na mashirika yaliyojitokeza kuzinunua, moja lilianzishwa na Bette Midler, ndiyo, yule yule mwimbaji. Sasa nyie Bette Midler wenu yuko wapi? Kama hayupo basi mkataba usomeni mpaka mstari wa mwisho.

Mfano mchungu ni Los Angeles, South Central Farm, ekari kama 14, familia kama 350, walianza kulima miaka ya tisini kwa kibali ambacho kingeweza kufutwa muda wowote, na mwaka 2003 jiji likamuuzia ardhi mmiliki wa zamani, ikaenda kesi, yakaja maandamano, 2006 wakaondolewa kwa nguvu na matingatinga yakapita juu ya mazao. Udongo uliotengenezwa zaidi ya miaka kumi huwezi kuubeba mgongoni ukaondoka nao. Lakini kuna Fenway pale Boston, hiyo ni sehemu ya eneo la mapumziko la jiji iliyotolewa mwaka 1942 watu walime mboga wakati wa vita, vita ikaisha watu wakagoma kuondoka, na mpaka leo ipo, zaidi ya ekari 7, vipande kama 500, ndani ya eneo la umma na wapita njia wanaingia kutazama maua. Ndo maana nasema inawezekana.

Kwenye mkataba wenu ombeni muda usiopungua miaka mitano, ombeni iandikwe notisi ni ya miezi mingapi na kwamba haiangukii katikati ya msimu, nani analipa maji, nani anawajibika mtu akijikwaa akavunjika mguu, na afisa gani kwa cheo chake ndo wa kupigiwa simu. Cheo, siyo jina, maana afisa anahamishwa na ahadi zake za mdomo anahama nazo. Na mkataba usisainiwe na mtu mmoja mwenye nyumba jirani, undeni kikundi chenye katiba hata ya kurasa mbili.

Tuje kwenye udongo, hapa nitakaa kidogo maana ndo watu wanaumia bila kujua. Ardhi ya namna hii ina matatizo mawili, moja linaonekana na lingine halionekani. Linaloonekana ni kushindiliwa, miaka na miaka ya miguu, mashine za kukatia majani, magari ya kazi, udongo unakuwa mgumu kama sakafu. Pimeni hivi: chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na 30 upana, jaza maji, acha yanywewe yote, jaza tena, halafu simamisha rula ndani uangalie kwa saa moja maji yameshuka kiasi gani. Yakishuka kama sentimita 5 mko vizuri sana, yakishuka chini ya sentimita 2 na nusu mizizi itazama, na hapo mna chaguo mbili, kuchimbua kwa uma wa shamba na kurudishia mboji msimu baada ya msimu, au kulima kwenye maboksi yaliyoinuliwa, yaani fremu za mbao zilizojazwa udongo juu ya ardhi.

Lisiloonekana ni risasi, ile metali, siyo ya bunduki. Inatoka kwenye rangi za zamani zilizobanduka kutoka kwenye kuta na vyuma vya michezo, na kwenye moshi wa petroli ya zamani, na petroli yenye risasi ya magari imekuja kukoma kuuzwa dunia nzima mwaka 2021 tu hapa. Risasi haiozi, haiyeyuki ikaisha, inakaa pale pale juu juu kwenye sentimita chache za kwanza, ndipo mtoto anapochezea na kulamba kidole. Kwa hiyo chukueni sampuli sehemu nyingi, kina cha sentimita 15 hivi, na za kando ya barabara na kando ya ukuta wekeni mfuko wake peke yake msizichanganye na za katikati, pelekeni maabara. Msisubiri mpaka mmeshapanda ndo mpime, kuna watu wanafanya hivyo kisha majibu yakija mabaya wanayaficha, jamani. Ikikutwa ipo kidogo, nyanya, maharage na bilinganya hazina shida kubwa maana tunda halivuti sana, hatari iko kwenye majani na mizizi inayobeba udongo wenyewe, karoti, mchicha, hizo ziende kwenye boksi lenye udongo wa kuletwa na kitambaa chini. Berlin ule uwanja wa ndege wa zamani wa Tempelhof uliofungwa 2008 una bustani ya pamoja tangu 2011, watu wanalima kwenye masanduku ya mbao chakavu tu na bustani imesimama vizuri.

Boksi upana usizidi mita 1.2, mkono wa mtu mzima unafika sentimita 60 kutoka kila upande, hutaki mtu akanyage ndani ukaanza upya ile habari ya kushindilia. Njia kati ya boksi na boksi iwe na sentimita 90 angalau, kiti cha magurudumu kipite, toroli lipite. Na kivuli, tembeeni pale saa tatu asubuhi, saa sita na saa kumi mkiwa na vijiti mchomeke mpaka wa kivuli, penye jua pungufu ya masaa 6 kwa siku wekeni mabenchi. Miti mikubwa msiikate na msichimbe chini yake, mizizi inaenda mbali kuliko matawi.

Maji nayafupisha, ila hesabu mfanye. Mboga zinataka kama milimita 25 kwa wiki, hiyo ni lita 25 kwa kila mita ya mraba, boksi la mita 1.2 kwa 2.5 ni mita 3 za mraba, lita 75, mkiwa na maboksi 30 ni lita 2,250 kila wiki isiyo na mvua. Hiyo siyo ndoo ya kubeba kutoka kwa jirani. Bomba likosekane, mradi uahirishwe, mimi siwapambi.

Sasa geti. Najua mnataka kufuli, na najua mtaibiwa, hamna bustani isiyoibiwa. Ila kufuli kwenye ardhi ya umma ndo mwanzo wa watu kuwachukia. Mji mdogo wa Todmorden, Uingereza, tangu 2008 wamepanda mboga mahali pa wazi, hadi mbele ya kituo cha polisi walipanda mahindi, na anayepita anachuma. Siwaambii muige yote, ila ukanda wa nje wote kandokando ya njia upandeni viungo na matunda ya kuchuma yeyote, muandike kibao kabisa CHUMA, na vipande vya watu viwe ndani. Anayetaka kuonja anaonja pale nje, wizi unapungua japo hauishi.

Kanuni zitungwe na wanaolima wenyewe. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, alichunguza watu wanaotumia malisho, maji na samaki kwa pamoja akaona wanaodumu wana adhabu za kupanda ngazi, siyo kosa moja umefukuzwa. Kwenu ni hivi: kipande kimeota magugu, mtu anakumbushwa kwa mdomo, maana labda anauguza, wiki mbili zikipita anaandikiwa, zikipita nyingine mbili wenzake wanakilima kwa niaba yake, ndo mwisho kinapewa mwingine. Huyo mwingine anatoka wapi? Siyo shemeji wa mwenyekiti. Anatoka kwenye orodha ya wanaosubiri, na hiyo orodha haikai kwenye simu ya katibu, inabandikwa pale getini upande wa nje, na tarehe ya kila aliyejiandikisha, yeyote asome.

Haya maswali, tuna nusu saa. Wa konokono najua mpo, subirini kidogo, tuanze na huyu mama wa mkataba.