Kamata Gurudumu Kabla ya Kumtuma Mteja Sokoni

Madereva, mafundi, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi hapa Arua, asanteni kwa kuja. Habari za jeki na stendi sitazirudia, kila mtu hapa anazijua. Gari likiwa limeegemea jeki peke yake, bila stendi na bila mawe nyuma ya magurudumu, hakuna mtu wa kuingiza kichwa chini. Tuendelee.

Nina jambo moja ninalolisema kila ninapopewa nafasi, na leo nitalisema tena, kwa sababu kila wiki naona watu wakilipia vifaa ambavyo gari lao halikuvihitaji. Land Cruiser inaingia gereji. Dereva anasema mbele kuna plei, yaani gurudumu linachezacheza, na kuna mlio. Fundi anainua, anatikisa gurudumu mara moja, anatamka: "Beringi." Mteja anatumwa sokoni. Beringi inafungwa, gari linatoka, na kesho yake linarudi na mlio uleule. Sasa fundi anasema, "Basi ni tairodi, ile fimbo ya usukani." Mteja anatumwa tena. Ndugu zangu, huko ni kubahatisha kwa pesa ya mtu mwingine.

Kipimo chenyewe hakina gharama. Inua ekseli, gurudumu liwe hewani. Mkono mmoja juu ya tairi, mwingine chini. Vuta kwa juu, sukuma kwa chini, halafu badilisha. Ukisikia plei, usiseme neno bado. Mwambie mwenzako apande akanyage breki aishikilie, nawe utikise tena palepale.

Plei ikipotea, ni beringi za gurudumu. Plei ikibaki, beringi za gurudumu hazina hatia. Nenda kwenye kingipini, zile pini ambazo gurudumu hugeukia mwisho wa ekseli, na kama ni gari lenye mikono ya juu na chini kama Hilux za siku hizi, nenda kwenye boljointi, yaani jointi ya mpira wa chuma mwisho wa mkono.

Fahamuni sababu yake, ili msiifanye kama dawa ya kienyeji. Diski imefungwa kwenye hab, kile kitovu kinachobeba gurudumu. Kalipa, inayoshika pedi za breki, imefungwa kwenye nako, yaani kile kichwa kinachogeuka mwisho wa ekseli. Beringi zimekaa kati ya hab na nako. Ukikanyaga breki, pedi zinaibana diski, na hab na nako vinakuwa kitu kimoja. Beringi hata iwe imeisha kabisa, haina tena nafasi ya kucheza. Kinachoendelea kutikisika kiko nyuma ya nako.

Liliwahi kuletwa gari la kazi, moja ya haya yanayokwenda Rhino Camp na kurudi. Usukani ulikuwa unatetemeka vibaya kila likigonga shimo kwenye mwendo wa kilomita 60, mpaka dereva asimame kabisa ndipo utulie. Walikuwa wameshabadilisha tairodi endi zote, wameweka dampa mpya ya stelingi, ile ya kupunguza mtetemo wa usukani, na matairi yamefanyiwa balansi. Kila gereji lilikopita lilipata kifaa kipya. Tuliinua, tukatikisa juu na chini, plei ipo. Breki ikakanyagwa, plei ipo vilevile. Tukafungua tairodi, tukaigeuza nako kwa mkono, kulia, kushoto, taratibu. Ilipofika katikati, pale gurudumu linapoelekea mbele, ikashika, kama imeingia kwenye mfereji. Ukiitoa hapo inateleza vizuri, ukiirudisha katikati inashika tena.

Tulipofungua beringi ya chini ya kingipini, pete ya nje ilikuwa imechimbika mistari iliyopangana, mstari mmoja kwa kila rola. Ndivyo inavyotokea: gari linakwenda moja kwa moja muda mwingi, rola zinapiga mahali palepale kwa maelfu ya mashimo, hadi chuma kinachimbika. Ile dampa mpya kazi yake ilikuwa kuuficha ugonjwa. Mwenye gari alikuwa ameshalipa gereji tatu, na hakuna hata moja iliyokuwa imemkanyagisha mtu breki.

Kuna atakayesema, "Fundi, breki zenyewe zikiwa mbovu je?" Swali zuri. Kama pedali inazama au pedi zinacheza ndani ya kalipa, kipimo kitakudanganya. Basi tengeneza breki kwanza, ilikuwa ni lazima utengeneze hata hivyo. Mwingine atasema mteja ana haraka. Mteja mwenye haraka ndiye anayeumia zaidi akirudi mara ya pili, na kipimo hiki kinaisha kabla dereva hajamaliza chai.

Na kuna hili la tatu, linaloniudhi kuliko yote: "Mimi nakaza nati ya hab tu, plei inaisha." Inaisha, ndiyo. Baadaye hab inachemka, grisi inayeyuka, na njiani kuelekea Yumbe gurudumu linaanza kunuka. Nati ya hab ya Land Cruiser inataka soketi ya milimita 54. Nyingi ninazozifungua zina makovu ya tindo kwenye kila pembe, maana yake hakuna aliyewahi kuzipima. Soketi hiyo moja mkichangia gereji nzima mtaitumia miaka.

Fanyeni hivi. Kaza nati ya ndani huku mwenzako akizungusha hab mbele na nyuma, ili rola zikae sawa. Ilegeze. Kaza tena kidogo. Halafu chukua mizani ya ndoano ile ya wauza samaki, ifunge kwenye stadi (bolti) ya gurudumu, uvute mpaka hab ianze kuzunguka. Kwa Land Cruiser 80 kitabu kinataka niutoni 28 hadi 56, yaani karibu kilo 3 hadi 6 kwenye mizani hiyo. Gari lako lina namba yake, ifuate hiyo. Kisha weka washa mpya ya kufungia, funga nati ya nje, kunja meno ya washa, na uvute mizani mara ya pili, kwa sababu nati ya nje hubadilisha mkazo wa ile ya ndani.

Ukibadilisha beringi, badilisha na pete yake ya nje iliyogongwa ndani ya hab. Rola mpya juu ya pete iliyochakaa ni hasara ya miezi michache. Na msikaushe beringi kwa upepo wa kompresa mkiacha izunguke. Inaweza kupasuka mkononi.

Maji sasa. Hab ikiwa ya moto ukaingia mtoni, hewa ya ndani inapoa ghafla, inajikunja, na inavuta maji kupitia sili iliyochoka. Ukikuta grisi nyeupe kama maziwa, jibu unalo. Ukikuta nje ya nako kuna uji mweusi unaotiririka, hiyo ni oili ya difu, yaani ya gia za katikati ya ekseli, iliyopita sili ya ndani ya ekseli na kuchanganyika na grisi. Kufuta kwa kitambaa hakusaidii, sili ibadilishwe.

Naona muda unakwenda, kwa hiyo milio nitaipita haraka. Mvumo msiutafute kwenye vumbi, hamtausikia. Nendeni kwenye lami ya kuelekea Koboko, kipande kitupu kisicho na watu, muyumbishe gari kidogo. Ukikata kulia uzito unalalia kushoto. Mvumo ukikua hapo, shuku beringi ya kushoto. Lakini tairi lililoliwa kwa mawimbi huvuma vilevile kabisa, hivyo hamisha matairi ya mbele nyuma kabla ya kununua chochote. "Tak tak tak" ukikata kona usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho, na magurudumu ya mbele nayo yakivutwa na injini, ni jointi ya ekseli ndani ya nako. Mlio mmoja wa "dung!" unapoanza kuondoka, tazama krosi za propela, ile shafti ndefu chini ya gari, na bushi za springi.

Tairodi hupimwa magurudumu yakiwa chini. Mwenzako acheze na usukani kidogo kidogo, nawe uweke vidole juu ya kila jointi; iliyolegea utaihisi kabla ya kuiona. Na wenye Hilux: mnapopima boljointi ya chini, jeki ikae chini ya mkono wa chini. Ukiinulia kwenye chesisi, springi inausukuma mkono na plei inajificha.

Ya stelingi boksi na bushi yatabaki. Nje kuna gari ambalo mwenyewe ameshaambiwa anunue beringi zote nne. Tutaliinua sasa hivi. Nahitaji mtu wa kukanyaga breki.