Wasifu Nilioukosea

Asanteni kwa kunikaribisha tuzungumzie kusimulia hadithi za mashoga na wasagaji. Nimefundisha Kiswahili katika shule za sekondari za hapa Nairobi kwa miaka 26, na nimezoea kusimama mbele ya watu nikaeleza mambo ya vitabuni. Leo nimekuja na la nyumbani.

Kakangu mdogo alipofariki, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika wasifu wa marehemu. Mnajua vile vijitabu vya mazishi vinavyopangwa: alizaliwa wapi, akasoma wapi, akafanya kazi gani, kisha unakuja ule mstari wa jamaa. Mwana wa fulani, ndugu wa fulani, mjomba wa fulani. Nilipofika hapo niliandika "rafiki wa wengi", nikatia nukta, nikapeleka kwa mpiga chapa.

Alikuwa na mwenzake, mwanamume kama yeye. Walikaa pamoja miaka 11 katika nyumba ya vyumba viwili kule Umoja. Huyo mwenzake ni fundi wa makochi. Hata kochi analokalia mama hadi leo ni yeye aliyelishona upya. Figo za kakangu ziliposhindwa, yeye ndiye aliyempeleka kusafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, alfajiri, kabla matatu hazijaanza kujaa. Dawa alizipanga ndani ya mkebe wa aiskrimu. Za asubuhi, za mchana na za usiku, kila moja na kijifuko chake, kila kijifuko na uzi wa rangi yake, ule uzi mnene wa kushonea makochi. Mimi dada wa tumbo moja sikujua jina la hata dawa moja.

Siku ya mazishi alikuwa nyuma ya hema, anasugua sufuria. Mchungaji alipoita jamaa wa karibu waje watie udongo, nilimwona akiinuka. Akatutazama. Akainama tena kwenye sufuria. Hakuna mtu aliyemfukuza siku ile. Mimi nilikuwa nimeshamfukuza kwa kalamu wiki nzima kabla.

Nimelifikiria sana jambo hilo kwa sababu kazi yangu ni maneno. Darasani tunafundisha kwamba Kiswahili kimemwekea kila kiumbe mwenye uhai heshima yake. Hata mbu. Tunasema mbu ameniuma. Mwanafunzi akiandika "mbu imeniuma" namwekea alama nyekundu. Sasa sikilizeni tunavyowataja mashoga na wasagaji. "Mambo hayo." "Hiyo kitu." Kwetu nyumbani ilikuwa "ile shida". Mbu ana kiambishi chake cha uhai, na mtoto aliyezaliwa na mama yangu hana!

Na neno lenyewe, shoga. Pwani, shoga ni jina ambalo mwanamke humwita mwanamke mwenzake, msiri wake. Shoga yangu, njoo nikwambie. Ni neno la watu wanaoketi kusimuliana. Tumelichukua tukalifanya jiwe.

Sheria nayo inasema kwa lugha hiyo hiyo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinaweza kumfunga mtu miaka 14, na cha 165 miaka 5. Wanaosema ushoga uliletwa na Mzungu wakumbuke kwamba vifungu hivyo ndivyo alivyotuachia Mwingereza. Ukivisoma unakutana na matendo na maumbile. Mtu anayeamka saa kumi za usiku kumchemshia mgonjwa uji hayumo. Tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu iliamua vifungu hivyo vibaki, ingawa Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 28, inasema utu wa kila mtu uheshimiwe na ulindwe. Kila mtu. Mimi nasoma maneno hayo kama yalivyoandikwa, wala sioni mahali yanapombagua kakangu.

Siku 3 kabla ya hukumu hiyo, mwandishi wetu Binyavanga Wainaina alifariki hapa Nairobi. Mnakumbuka Januari 2014 alipojitokeza kwamba yeye ni shoga. Angeweza kuita waandishi wa habari, angeweza kuandika hoja za haki. Alichagua kumwambia mamake, ambaye alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Kakangu alinitumia maandishi yale kwa simu, bila kuongeza neno lake hata moja. Nikamjibu: "Huyu anaandika vizuri sana." Nilifunguliwa mlango, nikasimama nje nikisifu mbao.

Basi tunapozungumzia kusimulia, naomba tusiwatwike vijana peke yao. Mwaka 1978, katika jimbo la California kule Marekani, wananchi walipigia kura pendekezo la kuwafukuza walimu mashoga na wasagaji katika shule za umma. Harvey Milk, mwanasiasa wa San Francisco aliyekuwa shoga waziwazi, aliwahimiza wenzake wajitambulishe kwa wazazi, kwa majirani, kwa wenzao wa kazini, ili mpiga kura ajue ni nani anayetaka kumnyima kazi. Pendekezo likaangushwa mwezi wa Novemba. Mwezi huo huo Milk akapigwa risasi akafa. Nawatajia yote mawili kwa makusudi. Hapa Nairobi mwenye nyumba anaweza kukutolea godoro nje jioni ile ile aliyosikia. Kijana uliyekaa hapa, hadithi yako ni mali yako. Kaa nayo mpaka siku utakayotaka wewe, na usipotaka, pia ni sawa.

Ninaosema nao ni akina dada, akina mama, mashangazi na wajomba. Sisi hatuna kesi ya miaka 14 mbele yetu. Mwaka 2016 watafiti wawili, David Broockman na Joshua Kalla, walichapisha matokeo ya kazi iliyofanywa Miami. Wageni walibisha hodi mlango kwa mlango, wakazungumza na watu kwa dakika kama 10 juu ya haki za watu waliobadili jinsia. Hawakuhubiri. Walimwomba mwenye nyumba akumbuke siku ambayo yeye mwenyewe alihukumiwa kwa kuwa tofauti, kisha wakamsikiliza. Chuki ilipungua, na miezi 3 baadaye ilikuwa bado imepungua. Mimi lililonishika zaidi ni hili: wageni wengine walikuwa wamebadili jinsia na wengine hawakuwa, na mazungumzo ya wote yalifaa.

Nilirudi kwa mwenzake kakangu kumwomba ruhusa ya kuisimulia hadithi yao. Alinyamaza muda mrefu, mdomoni ameuma misumari midogo ya kochi. Kisha akaitoa, akasema, "Sema, dada, lakini jina langu liache."

Jumamosi moja nikasema katika chama chetu cha akina mama. Sikuanza na Katiba. Nilianza na mkebe wa aiskrimu. Wawili waliondoka kabla ya chai, na mmoja hajanisalimu tangu siku hiyo. Sitawadanganya kwamba ni rahisi. Mwingine, mama mzima wa kanisa, ambaye mumewe ana ugonjwa wa sukari, alikaa kimya mpaka nikamaliza. Nikawa nangoja aniambie juu ya Sodoma. Akaniuliza: "Hizo dawa za usiku, uzi wake ulikuwa rangi gani?"

Sikujua. Ilibidi nipande matatu hadi kwenye karakana nikaulize.

"Mweupe," akaniambia, bila kuinua macho. "Stima ikipotea, alikuwa anauona."

Jumamosi iliyofuata nilirudi chamani nikampelekea yule mama jibu lake.