Fedha za Chuo, Maarifa ya Wenyeji: Mhadhara Uliotolewa Bagamoyo kuhusu Ruzuku za Utafiti na Sanaa

Ndugu Mwenyekiti, wahadhiri wenzangu, wakufunzi na wanafunzi wa sanaa, waheshimiwa maofisa watendaji wa kata, wazee wetu wa mji, na akina mama wa vikundi vya mwani mliokubali kuacha shughuli zenu kwa ajili ya mkutano huu, asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwenu nyote habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie ruzuku ambazo vyuo vikuu huwapa wahadhiri wao ili wafanye utafiti na kazi za ubunifu pamoja na jamii zinazowazunguka. Hoja yangu ni kwamba uhusiano wa chuo na wenyeji hauamuliwi na utangulizi wa andiko la mradi, ambao siku hizi kila mmoja wetu anajua kuuandika vizuri. Unaamuliwa na jedwali la bajeti, ratiba ya malipo na kifungu kinachosema matokeo ni mali ya nani. Ukitaka kujua chuo kinamthamini vipi mzee anayejua historia ya mji wa kale wa Kaole au fundi anayechonga ngalawa, soma kurasa hizo za mwisho ambazo wengi huzijaza usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho.

Vyuo vikuu vyetu vina kazi tatu zinazotajwa daima kwa pamoja: kufundisha, kutafiti na kutoa huduma kwa umma. Kazi ya kwanza ina ada na ruzuku ya Serikali. Ya pili ina wafadhili wa nje, ina Mfuko wa Taifa wa Kuendeleza Sayansi na Teknolojia unaosimamiwa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, yaani COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, na katika baadhi ya vyuo ina fedha za ndani zinazoshindaniwa na wahadhiri wenyewe. Ya tatu huishi kwa kuomba nafasi ndani ya hizo mbili. Mhadhiri wa sanaa au wa historia anayetaka kufanya kazi na kijiji kwa miaka miwili hulazimika kuivalisha kazi hiyo vazi la utafiti wa kawaida ili ipate fedha, na katika kuivalisha huko ndipo wanakijiji hugeuzwa kutoka washirika na kuwa watoa taarifa.

Bagamoyo haihitaji kufundishwa mambo haya kutoka mbali, kwa sababu wilaya hii imewahi kuwa mahali ambapo njia nyingine ilijaribiwa kwa dhati. Kuanzia mwaka 1975, katika vijiji vya magharibi ya wilaya, mradi wa Jipemoyo uliwakutanisha watafiti wa Tanzania na wa Finland, akiwamo Marja-Liisa Swantz, kwa ufadhili wa Akademia ya Finland na kwa ushirikiano na wizara yetu iliyoshughulikia utamaduni na vijana. Watafiti walikaa na Wakwere wakulima na Waparakuyo wafugaji kwa muda mrefu, wakachunguza pamoja nao mabadiliko ya vijiji, ngoma, mifugo na kazi za mikono, na njia hiyo ya utafiti shirikishi ikaja kujulikana kimataifa. Miaka michache baadaye walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi ya sanaa kwa maendeleo huko Malya mkoani Mwanza, na kisha katika kijiji cha Msoga, hapa Pwani, ambapo wanakijiji wenyewe ndio waliochagua tatizo, wakalitungia mchezo kwa ngoma na ngonjera zao, wakauonyesha na kujadiliana baada ya maonyesho. Kutokana na mkondo huo, mwaka 1996 ulizaliwa mpango wa TUSEME, ambamo wasichana wa sekondari walitumia maigizo kueleza yanayowazuia kusoma.

Naitaja historia hii kwa sababu ya jambo ambalo husahaulika tunapoisifu. Kazi hizo ziliwezekana kwa kuwa fedha zake ziliruhusu kukaa. Mtu anayelala kijijini miezi kadhaa huweza kusubiri hadi mkutano wa kijiji ugeuke kutoka heshima za wageni na kuwa mazungumzo ya kweli. Ruzuku inayolipia siku kumi za madodoso na mafuta ya gari haiwezi kuzaa kazi ya namna hiyo, hata akipewa mtafiti mwenye moyo safi.

Mfano wa karibu zaidi uko ufukweni hapa. Katika mradi wa Bahari Yetu, Urithi Wetu, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo mwanaakiolojia Elgidius Ichumbaki, walifanya kazi pamoja na wenzao wa Uingereza, mafundi wa vyombo na wanamuziki wa Bagamoyo, wakiweka kumbukumbu za ujenzi wa ngalawa na za sanaa inayoandamana na bahari. Fedha zilitoka Uingereza kupitia Rising from the Depths, mtandao wa utafiti wa urithi wa bahari. Kazi hiyo ilikuwa njema, lakini tukumbuke yaliyotokea mwezi Machi 2021, Uingereza ilipopunguza misaada yake ya nje na shirika lake kuu la utafiti likatangaza pengo la pauni milioni 120 kati ya fedha lilizopewa na ahadi lilizokwisha kuzitoa. Miradi katika nchi nyingi ilikatwa ikiwa katikati. Mwaka 2025 tukaliona jambo hilohilo kwa ukubwa zaidi, Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID. Kijiji kilichoahidiwa miaka mitatu kikapewa mmoja hakijui habari za bajeti ya London wala Washington. Kinachojua ni kwamba mtu wa chuo alisema atarudi na hakurudi.

Ndiyo sababu nasisitiza fedha za ndani, hata zikiwa kidogo. Mwaka 2006 nchi za Umoja wa Afrika zilirudia lengo la kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, na nchi chache sana zimelifikia. Sidai kwamba chuo kimoja kitaziba pengo hilo. Nadai kwamba ruzuku ndogo ambayo chuo kina uhakika nayo kila mwaka ina thamani kwa jamii kuliko ruzuku kubwa isiyotabirika. Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison huko Marekani kina mfuko ulioachwa na mwanabakteria Ira Baldwin na mkewe Ineva kwa ajili ya miradi inayotoa maarifa nje ya uzio wa chuo, na kwa kuwa ni mfuko wa kudumu, washirika wa nje wanajua kwamba mlango huo utakuwapo mwaka ujao. Utajiri wao hatuna, lakini udumifu tunaweza kuupanga kwa kiwango chetu.

Sasa niingie katika mambo ya ofisini, maana hapo ndipo kazi nyingi hukwama. Mhadhiri akipata ruzuku, huchukua masurufu, yaani fedha za matumizi anazokabidhiwa mapema, na baada ya safari hufanya marejesho, yaani huonyesha zilivyotumika. Mhasibu anahitaji risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi, kwa kila ununuzi, na ana haki ya kuihitaji, kwa sababu Mkaguzi Mkuu ataiulizia. Lakini fundi anayechonga ngalawa hana mashine ya EFD. Bibi anayejua nyimbo za unyago za Kizaramo hana namba ya mlipakodi. Matokeo yake ni kwamba hoteli, kituo cha mafuta na duka la vifaa vya ofisini hulipwa kikamilifu na kwa wakati, ilhali mwenye maarifa, ambaye bila yeye mradi usingekuwapo, huorodheshwa kwenye karatasi ya posho ya mahudhurio pamoja na kila aliyekuja kunywa soda. Anapewa nauli. Jina lake halionekani popote kama mtaalamu, na mkaguzi akilisoma jedwali lile ataamini kwamba mtaalamu alikuwa mmoja tu, naye alitoka chuoni.

Hili linarekebishika bila kuvunja kanuni yoyote ya fedha. Chuo kinaweza kuwa na fungu linaloitwa ada ya mtaalamu wa jamii, lenye kiwango kilichopitishwa na menejimenti, likilipwa kwa simu au benki kwa mkataba mfupi wa Kiswahili unaotiwa saini mbele ya mtendaji wa kijiji au mtaa. Kumbukumbu ya muamala wa simu, mkataba na kitambulisho cha Taifa ni ushahidi ambao mkaguzi anaweza kuufuatilia. Kinachotakiwa ni uamuzi wa awali wa menejimenti, ili kila mhadhiri asibaki kubishana na mhasibu peke yake, jambo ambalo linawachosha wote wawili na kumwacha bibi yule akisubiri.

Suala la ratiba ni zito vilevile. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kumalizika tarehe 30 Juni. Tangazo la ruzuku likitoka Oktoba, maandiko yakapitiwa Desemba, fedha zikaingia Machi, mtafiti anabaki na miezi michache, na sehemu kubwa ya miezi hiyo ni ya masika, barabara za vijiji vya ndani zikiwa hazipitiki. Baharini mambo ni magumu zaidi. Mkulima wa mwani wa kijiji cha Mlingotini hafanyi kazi kwa kalenda ya ofisi. Anafuata bamvua, maji yanapotoka mbali karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na siku hizo hawezi kukaa chini ya mwembe akijaza dodoso.

Mlingotini inatufundisha pia kitu kuhusu gharama. Mwani aina ya kotonii, ambao bei yake ni nzuri kuliko ya aina nyingine iitwayo spinosamu, ulianza kufa katika maji mafupi wakati wa joto, na Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alifanya kazi na wakulima hapo kujaribu kamba zinazoelea katika maji ya kina. Kitaalamu njia hiyo ilikuwa na mantiki iliyo wazi, kwa kuwa maji ya kina hayapati joto kali kama ya ufukweni. Lakini wakulima wengi wa mwani ni wanawake, na wengi wao hawakuwa na vyombo vya baharini wala hawakujua kuogelea. Kwa hiyo mashua ikawa kifaa cha utafiti, na mafunzo ya kuogelea yakawa sehemu ya sayansi. Kamati ya ruzuku inayokataa fungu la mashua kwa sababu eti hicho si kifaa cha maabara inaukataa utafiti wenyewe, kwani bila mashua matokeo yatakayopatikana yatawahusu wenye uwezo wa kununua mashua peke yao.

Hapo ndipo tunapokuja kwenye swali la nani hasa anaitwa jamii. Matangazo mengi ya ruzuku husema kwamba mradi uzingatie makundi mbalimbali, na waombaji hujibu kwa sentensi moja kuhusu wanawake na vijana. Wilaya hii ina Wakwere, Wazaramo, Wadoe na Wazigua; ina wafugaji Waparakuyo na Wabarbaig ambao huonwa kama wapita njia hata wakiwa na watoto katika shule za hapa; na ina wavuvi wa dago wanaopiga kambi kwa msimu na kuhama. Utaratibu wetu wa vibali, unaotoka chuoni kwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa kule Kibaha, kisha wilayani, katani na kijijini, ni halali na unalinda wananchi, lakini unaishia kwa mtendaji, na mtendaji huwaita anaowafahamu. Wavuvi wa dago hawamo katika daftari lake. Ruzuku inayotaka kuwafikia lazima ilipie muda wa kuwatafuta, na lazima ikubali mkalimani pale ambapo Kiswahili cha mkutano hakimpi mama wa Kibarbaig nafasi ya kusema yaliyo moyoni mwake.

Kuhusu umiliki nitasema kwa ufupi, kwani sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, na Cosota, ofisi ya hakimiliki ya nchi, ipo kutoa ushauri. Tatizo ni mazoea. Ngoma hurekodiwa, kanda huenda chuoni, na wajukuu wa waliopiga ngoma ile hawana pa kuisikiliza. Mji huu una Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, chuo cha sanaa kilichopo tangu mwaka 1981, na sioni sababu ya ruzuku yoyote ya sanaa kufungwa kabla nakala haijawekwa hapa na nyingine kukabidhiwa kwa kikundi chenyewe, pamoja na maelezo ya Kiswahili wanayoweza kuyasoma na kuyasahihisha.

Wahadhiri wenzangu wataniuliza watapandaje vyeo kwa kazi hizi. Ni swali la haki. Makala ya jarida la kimataifa huhesabiwa, na tangu mwaka 2022 Serikali imeweka tuzo ya shilingi milioni 50 kwa mtafiti anayechapisha katika majarida yenye hadhi ya juu kabisa, hatua ambayo naiunga mkono. Lakini mchezo uliotungwa na kijiji, maonyesho ya vyombo vya bahari au kitabu cha historia ya mtaa kilichoandikwa kwa Kiswahili hupimwa kwa kusitasita, kana kwamba jopo la wataalamu haliwezi kukaa na kuvihakiki. Linaweza. Wanaohakiki makala wanaweza kusafiri na kutazama onyesho, wakawasikiliza na waliolifanya, kisha wakaandika tathmini yenye ukali uleule.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, kabla tangazo lijalo halijatoka, naomba fomu ya maombi ibadilishwe mahali pawili. Bajeti iwe na safu ya pili inayoonyesha ni kiasi gani kitabaki mikononi mwa washirika wa nje ya chuo, na ombi lisilojaza safu hiyo lirudishwe. Na kamati ya kupitisha maandiko iwe na wajumbe wawili wasiotoka chuoni, walipwe kikao sawa na wengine, na maandiko yaletwe kwao kwa Kiswahili. Wazee na akina mama mliopo hapa, msiukatae mwaliko huo ukija kwa kudhani kwamba kazi hiyo ni ya wasomi. Ombeni mpewe maandiko wiki mbili kabla, na mwulizeni kila mwombaji atafika lini, atakaa muda gani na atamlipa nani.