Kwa Mlango wa Jikoni: Vitabu Vinavyotuingiza katika Miji ya Ufaransa

Mabibi na mabwana, ndugu wasomaji wenzangu, asanteni kwa kufika.

Nimeombwa nizungumzie vitabu vinavyoihuisha miji ya Ufaransa: mitaa yake, historia yake na vyakula vyake. Vitabu vya namna hiyo ni vingi, na vingi vinachosha. Vinaanza na mnara wa Eiffel, vinapita kwenye meza yenye kitambaa cheupe na glasi ya mvinyo, na msomaji anavifunga bila kukutana na mtu hata mmoja. Rai yangu ni hii: anayetaka kutuonyesha mji wa Kifaransa aingie kwa mlango wa jikoni. Aulize nani anaulisha mji huo, kwa ujira gani, na nani ndani yake analala njaa. Waandishi waliouliza hayo ndio ninaowapenda, na ndio nitakaowasemea leo.

Wa kwanza ni Émile Zola, na kitabu ni Le Ventre de Paris, yaani Tumbo la Paris, kilichotoka mwaka 1873. Ni cha tatu katika mfululizo wa riwaya 20 kuhusu ukoo mmoja wakati wa utawala wa Napoleon III. Kinafunguka usiku. Mikokoteni ya farasi iliyojaa kabichi na karoti inasogea taratibu kuelekea Paris, wakulima wanasinzia, farasi wanajiendea kwa mazoea. Mara farasi mmoja anagoma kusonga. Kuna mtu amelala barabarani. Bibi François, mkulima wa mboga kutoka Nanterre, anashuka, anampandisha na kumlaza juu ya mboga zake. Mtu huyo ni Florent. Alikamatwa bila hatia Desemba 1851, Louis-Napoleon, ndiye Napoleon III wa baadaye, alipoipindua Jamhuri, akahamishiwa kifungoni Cayenne huko Guiana ya Kifaransa, akatoroka. Sasa anaingia mjini kwake njaa ikimsokota, amelazwa juu ya chakula ambacho Paris itakila asubuhi.

Soko analopelekwa ni Les Halles. Soko lilikuwepo mahali pale tangu karne ya 12, na katika miaka ya 1850 msanifu Victor Baltard akaanza kulijengea mabanda ya chuma na kioo, jambo la ajabu kwa wakati ule. Zola alikwenda huko na daftari lake, mchana na usiku, akaandika alichokiona na alichokinusa. Ndiyo maana msomaji anatembezwa banda kwa banda: maji yanayotiririka penye samaki, wachuuzi wa kike wanaotukanana kutoka meza hadi meza, vyumba vya chini ya ardhi vyenye matundu ya kuku na njiwa walio hai.

Lakini wingi wa chakula peke yake haufanyi riwaya. Florent ana ndugu wa mama mmoja, Quenu, mwenye duka la nyama ya nguruwe, na mke wa Quenu ni Lisa, mnono, msafi, anayeheshimika mtaani. Usiku mmoja jikoni wanatengeneza soseji za damu. Mtoto wao, Pauline, anamwomba Florent amhadithie habari ya bwana aliyeliwa na wanyama. Florent anasimulia, kama ngano ya watoto, mateso yake mwenyewe ya kifungoni: chakula kibovu, wenzake waliokufa, siku alizokaa bila kutia kitu kinywani. Wakati huohuo mafuta yanachemka, vitunguu vinakaangwa, damu inakorogwa. Lisa anasikiliza kwa kinyaa. Kwake, mtu wa heshima hafikii hali ya kushinda siku tatu bila kula. Aliyefika huko lazima ana walakini. Sijasoma ukurasa mwingine popote unaoonyesha kwa ukali namna hiyo jinsi shibe inavyoweza kumfunga mtu masikio. Na yote yamo ndani ya kazi ya jikoni yenyewe. Ondoa sufuria, na maneno ya Lisa yanapoteza nusu ya uzito wake.

Baadaye wanawake watatu wanakaa kwenye duka la jibini kumsengenya Florent, na kadiri siri yake inavyofichuliwa ndivyo harufu za jibini zinavyozidi kupanda, kila aina kwa ubaya wake. Wahakiki wengine waliuona ukurasa huo umetiwa chumvi mno. Mimi nauona ni wa haki kabisa, kwa sababu usengenyaji ule ndio unaompeleka Florent kwa polisi, na mwishowe anahukumiwa kuhamishwa tena. Soko linabaki limeshiba.

Mabanda yale hayapo tena. Mwaka 1969 soko lilihamishiwa Rungis, kusini mwa mji, na tangu 1971 mabanda yakabomolewa. Moja lilinusurika, likapelekwa Nogent-sur-Marne. Atakayefika Les Halles leo atakuta kituo cha treni na maduka ya nguo chini ya ardhi, na kanisa la Saint-Eustache kando yake. Soko lenyewe limo kitabuni.

Zola huyohuyo, katika L'Assommoir ya mwaka 1877, anatuandalia karamu ya bata bukini. Gervaise ni dobi katika mtaa wa makabwela wa Goutte d'Or. Anaamua kuwalisha majirani siku ya sherehe ya jina lake, yaani sikukuu ya mtakatifu mwenye jina hilo, na vitu vya nyumbani vinapelekwa rehani ili mvinyo upatikane. Meza inapangwa dukani, kati ya pasi na nguo za watu, mlango unaachwa wazi, na mtaa mzima unaivuta ile harufu. Kila mwenye uzoefu wa shughuli za uswahilini ataielewa fahari ile, na deni litakalofuata. Gervaise anakufa kwa njaa katika kishimo chini ya ngazi.

Sasa historia. Ukitaka kuielewa Ufaransa ya karne ya 18, anza na mkate. Mwezi Julai 1788 mvua ya mawe iliharibu mazao, ukafuata mwaka wa baridi kali. Mkate wa ratili nne uliokuwa ukiuzwa Paris kwa sou 8 au 9 (sou ni sarafu ndogo ya wakati ule) ulifika sou 14 na nusu katikati ya 1789, wakati kibarua alipata takriban sou 20 hadi 30 kwa siku. Tarehe 5 Oktoba mwaka huo wanawake wa Paris, wauza samaki wakiwa mbele, walitembea kwa miguu hadi Versailles, kwenye kasri la mfalme, na kesho yake wakarudi na mfalme. Ile kauli ya kwamba wasiokuwa na mkate wale keki, anayobandikwa malkia Marie-Antoinette, aliiandika mwanafalsafa Rousseau katika Les Confessions akiisimulia kuhusu binti wa mfalme asiyemtaja jina, na aliiandika Marie-Antoinette akiwa bado mtoto huko Austria.

Kitabu cha kuuona mji ule kabla haujalipuka kwa mapinduzi ya 1789 ni Tableau de Paris cha Louis-Sébastien Mercier, kilichotoka kati ya 1781 na 1788 hadi kufikia juzuu 12. Mercier alikuwa mtu wa kutembea. Anawaonyesha wanawake wenye madebe ya kahawa ya maziwa mgongoni, wakiwauzia vibarua alfajiri kwenye kona za barabara, kikombe sou mbili. Anaonyesha pia jinsi masalio ya meza za Versailles yalivyouzwa kwa watu wa kawaida. Ukisoma hayo, huhitaji profesa akueleze kwa nini watu walikasirika.

Victor Hugo naye, katika Les Misérables ya mwaka 1862, ameujenga mlima mzima juu ya mkate mmoja. Jean Valjean anavunja kioo cha duka la mwoka mikate kwa ajili ya watoto wa dada yake, anafungwa miaka 5, na kwa kujaribu kutoroka inakuwa 19. Lakini mimi napenda zaidi pale Gavroche, mtoto wa mitaani, anapowanunulia mkate watoto wawili waliopotea. Mwoka mikate anashika mkate mweusi, ule wa maskini. Gavroche anakataa: anataka mweupe.

Kwa Paris ya karne ya 20 nitataja kimoja tu, na hakikuandikwa na Mfaransa: Down and Out in Paris and London cha George Orwell, 1933. Orwell aliosha vyombo chini ya hoteli ya kifahari, kwenye joto, matusi na uchafu. Anamweleza mhudumu ambaye akisukuma mlango kuingia ukumbi wa kulia, uso na mabega yake yanabadilika papo hapo.

Tusiishie Paris. Marseille ni mji wa bandari, na sisi watu wa pwani tunaujua kwa damu: umejaa makumi ya maelfu ya Wangazija, na lugha yao ni jamaa ya karibu ya Kiswahili. Ousmane Sembène wa Senegal alikuwa kuli pale, na riwaya yake ya kwanza, Le Docker noir, ya mwaka 1956, inatoka kwenye migongo ya wapakiaji mizigo. Aliyesoma Kuli ya Shafi Adam Shafi aisome na hii, ataona bandari mbili zikizungumza.

Halafu amfuate Jean-Claude Izzo, mtoto wa mhamiaji wa Kitaliano, na Total Khéops ya mwaka 1995. Ni riwaya ya upelelezi, lakini askari wake, Fabio Montale, anakaa Les Goudes kando ya bahari, anavua samaki, na jirani yake mzee, Honorine, anampikia. Maiti zinaongezeka, na meza haikosi samaki, kitunguu saumu na majani ya mrehani. Katika Marseille ya Izzo, Mwarabu, Mtaliano na Mwafrika wanakula sahani moja huku siasa za chuki zikiwazunguka, na uchungu wa kitabu unatoka hapo hasa.

Anayeanza, aanze na Tumbo la Paris. Asilikimbie soko hata pale orodha za mboga zinapokuwa ndefu. Anayependa kitabu chepesi aanze na Orwell. Mercier asisomwe mfululizo. Fungua popote, soma sura mbili tatu, rudi kesho. Karibuni maswali.