Sensa ya oksijeni kwenye injini ya turbo: kabla hujaongeza mafuta

Haya, salaam aleikum, karibuni tena gerejini, Changamwe, Mombasa. Kelele mnazosikia ni malori ya bandarini, mtuwie radhi. Leo tuna Subaru ya turbo, silinda nne, na tutaipangia mafuta kwa kusoma sensa ya oksijeni.

Sensa ya kiwandani kwenye magari mengi ya zamani haitufai. Hutoa volti 0.1 hadi 0.9 na huruka ghafla kwenye 14.7, yaani kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Inajua mafuta yamezidi au yamepungua, lakini kwa kiasi gani haijui. Nunua waidibandi, yaani sensa inayopima kiasi chenyewe, na geji yake.

Hebu leta kamera huku chini. Nati hii ya M18, ya kufungia sensa, imechomelewa baada ya turbo, kama sentimita 70 mbele yake, kwa sababu joto la kabla ya turbo huiua sensa. Kichwa cha sensa chenye waya kimeelekea juu. Ukiining'iniza chini ya bomba, maji ya ekzosi yanaiingia na kauri ya ndani inapasuka. Na usiiache ndani ya ekzosi bila umeme huku gari linatembea, masizi yataiziba.

Sasa tulia hapa, maana hapa ndipo watu huunguza pesa. Sensa haioni petroli, inaona oksijeni iliyobaki. Chumvi ya hewa yetu ya pwani hula boliti na gasketi za ekzosi, na tundu dogo tu kabla ya sensa huvuta hewa ya nje injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa. Geji itasema 16, wewe utaongeza mafuta, kumbe injini haikuwa na njaa. Kwa hiyo, injini ikiwa baridi, puliza hewa kutoka nyuma ya ekzosi kwa blowa, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Ona hapo, povu! Gasketi hii inabadilishwa kwanza.

La pili ni plagi. Kuna jamaa aliniletea gari geji ikiruka hadi 15 kila turbo ikikaza. Alikuwa ameshaongeza mafuta mara tatu, ekzosi inanuka petroli mpaka macho yanawasha. Plagi zilikuwa na mwanya wa milimita 1.1, na presha ilikuwa inazima cheche. Petroli isiyowaka hutoka pamoja na oksijeni yake, sensa ikadhani ni hewa tupu. Tulibana mwanya hadi 0.7, ikarudi chini ya 11. Mafuta yote aliyoongeza tukayatoa.

Basi, tuanze. Pasha injini vizuri, presha ya turbo iwe ya chini kabisa, bar 0.6 hivi. Tumia daino, ile mashine ya kupimia gari likikimbia papo hapo lilipo. Barabara ya Mariakani ina malori, usijaribu huko. Mwenzako akanyage gia ya tatu kuanzia mizunguko 2500, wewe uangalie laptopu. Kwenye mwendo wa kawaida tunataka 14.7. Turbo ikikaza, mimi huanzia 11.5, kwani petroli ya ziada hupoza chumba cha kuchomea. Ikipanda kupita 12.5 presha ikiongezeka, au ukisikia injini inagonga, toa mguu papo hapo. Usingoje uone itafika wapi, pistoni haingoji.

Rekodi yetu hii: mizunguko 4000, 12.4. Gawa kwa 11.5, unapata 1.078. Kwenye laptopu, ramani ya mafuta ni jedwali la visanduku: ongeza asilimia 8 kwenye kisanduku cha mizunguko hiyo na presha hiyo, na jirani zake, usiguse ramani nzima. Angalia pia injekta: zikishafika asilimia 85 za muda wake wa kufunguka, usiongeze presha, tafuta kubwa zaidi. Na kumbuka moshi huchukua muda kufika kwenye sensa, hivyo namba unayoiona ni ya sekunde kidogo iliyopita.

Rudia saa nane mchana, baada ya kukwama kwenye foleni ya Makupa. Hewa inayoingia ikishapata moto, gari lililokuwa tulivu asubuhi linaweza kugonga, na hapo dawa ni kurudisha taimingi nyuma, yaani kuchelewesha cheche.

Mwisho, sensa moja inasoma silinda zote nne zikiwa zimechanganyika. Injekta moja ikiziba, zile tatu zinaificha. Zima, acha ipoe, tufungue plagi tuone kila silinda inavyowaka. Kwenye Subaru ziko ubavuni, lazima utachubuka vidole. Tunaanza na hii ya nyuma.