Mandhari Kwanza, Kamera Baadaye: Kujiandaa kwa Safari ya Fyordi za Norwei

Mbukwenyi, ndugu zangu wa Dodoma, na shikamooni wazazi wote mnaonitazama kutoka Kongwa, Mpwapwa, Bahi, Kondoa na hata Manyoni kwa jirani zetu wa Singida. Leo sizungumzi nanyi nikiwa Bergen, kule Norwei, kama mlivyozoea. Niko nyumbani kwa likizo, uani kwa mama, chini ya mwarobaini, na juu ya mkeka huu nimetandaza vifaa vyote vya kupigia picha ambavyo nimewahi kuvibeba katika milima ya Norwei.

Nimevitandaza kwa sababu ya ujumbe wa mwalimu mmoja wa Kongwa. Yeye na mumewe wameweka akiba kwa miaka sita ili waje kutembea Norwei kwa siku 10 mwezi wa Juni, na amenitumia orodha mbili: ya kwanza ina sehemu 9 anazotaka kuziona, na ya pili ina vifaa ambavyo bei yake, kwa hesabu niliyoifanya jana usiku, inazidi nauli ya ndege ya watu wawili. Mwalimu, nimezisoma orodha zako kwa makini, na ombi langu la kwanza ni kwamba uiweke kando ile ya vifaa hadi tumalize ile ya sehemu, kwa kuwa mandhari unayoichagua ndiyo itakayokuambia ubebe lenzi gani.

Katika sehemu zako 9 umeweka visiwa vya Lofoten, ambavyo viko mbali sana kaskazini, ng'ambo ya Duara la Aktiki, pamoja na mwamba wa Preikestolen ulioko kusini, karibu na Stavanger. Zote mbili ni za kupendeza, nami sitamzuia mtu kuzitamani. Lakini Norwei ni nchi ndefu, na anayetaka kuigusa kote kwa siku 10 huishia kupiga picha za viwanja vya ndege. Mimi ningekushauri ubaki na mstari mmoja tu: treni kutoka Oslo hadi Bergen, ukishuka Myrdal ili uchukue reli ndogo ya kuteremka Flåm, kisha boti ya kupita katika fyordi ya Nærøy hadi Gudvangen, na mwisho siku kadhaa za kutulia Bergen. Safari ya Oslo hadi Bergen yenyewe huchukua takriban saa saba na hupita Finse, kituo kilicho mita 1,222 juu ya usawa wa bahari, ambako hata mwezi wa Juni utakuta theluji haijaisha. Reli ya Flåm ina kilomita 20 tu, lakini katika kilomita hizo inateremka kutoka mita 867 hadi karibu kabisa na usawa wa bahari, na huko njiani treni husimama kwa dakika chache mbele ya maporomoko ya Kjosfossen ili abiria washuke na kupiga picha.

Kwa wasioijua fyordi, ni mkono mrefu wa bahari ulioingia bara katika bonde lililochongwa na mito ya barafu zama za kale. Fyordi ya Nærøy na ile ya Geiranger ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2005. Nærøy ni tawi la fyordi kubwa ya Sogne, ambayo ina urefu wa zaidi ya kilomita 200 na kina cha takriban mita 1,300. Mji wetu wa Dodoma uko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Mwinuko wote huo tunaoupanda kutoka Dar es Salaam hadi hapa ungezama ndani ya maji yale na bado kina kingebaki. Jambo hili linagusa moja kwa moja uchaguzi wa kamera, kwa sababu ugumu mkubwa wa kuipiga picha fyordi ni kwamba ukubwa wake haukubali kuingia katika picha.

Mara yangu ya kwanza niliamini kwamba kitu kikubwa kinahitaji lenzi pana. Nilinunua lenzi ya milimita 16 hadi 35 (milimita zikiwa chache lenzi huona eneo pana, zikiwa nyingi huvuta kilicho mbali) kwa fedha nyingi, nikasimama mbele ya boti, na nikarudi nyumbani na picha ambazo ukuta wa mwamba wenye urefu wa zaidi ya mita 1,000 ulionekana kama tuta la barabarani. Lenzi pana huvuta karibu kilicho mbele yako na kukisukuma mbali kilicho nyuma, hivyo mlima hupungua na maji matupu hujaza nusu ya picha. Picha iliyonifundisha niliipiga baadaye kwa lenzi ya kuvuta, kwenye milimita 135 hivi: nyumba moja nyekundu ya shamba chini kabisa, karibu na maji, na ukuta wa jiwe ukiipanda juu yake hadi ukingo wa picha bila kuonyesha kilele. Mama yangu alipoiona hakuuliza mlima una mita ngapi. Aliuliza watu wa nyumba ile hupitia wapi. Hapo nikajua kwamba ukubwa umefika.

Kwa hiyo, Mwalimu, badala ya zile lenzi tatu ulizoziandika, chukua moja inayoanza kwenye milimita 18 na kufika 135, iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera yenye kihisi kidogo (kihisi ni kile kibamba cha ndani kinachopokea mwanga), yaani kile cha ukubwa unaoitwa APS-C. Kamera za namna hiyo zilizotumika zinapatikana kwa bei nafuu kuliko zile za kihisi kikubwa, na kwa picha za mchana hutaona upungufu unaostahili kukunyima usingizi. Unapoinunua, mwombe muuzaji akuonyeshe idadi ya picha ilizokwisha kupiga, kisha piga picha ya ukuta mweupe ukiwa umebana tundu la lenzi linalopitisha mwanga hadi dogo, kwenye namba f/16, uikuze na kutazama kama ina madoa ya vumbi. Sisi wa Dodoma tunalijua vumbi, na ndiyo sababu nyingine ninayopendelea lenzi moja isiyobadilishwa njiani.

Sasa niseme juu ya mwanga, jambo ninalolipenda kuliko yote. Hapa kwetu jua huzama saa kumi na mbili na nusu jioni hivi, na huzama kwa haraka. Ule mwanga wa dhahabu unaowaka juu ya mawe na mibuyu hukuaga kabla hujamaliza kufungua mfuko. Bergen mwishoni mwa Juni jua huchomoza saa kumi alfajiri na kuzama saa tano usiku, nalo hushuka kwa mshazari, polepole, likiipaka milima rangi kwa muda mrefu. Usiipange siku yako kama tunavyoipanga hapa. Lala mchana ukipenda, kula mapema, kisha toka saa mbili usiku wakati makundi ya watalii yamerudi hotelini. Mtakuwa na saa tatu za mwanga laini, wewe na mumeo peke yenu.

Lakini huenda mwanga huo msiuone kabisa, kwani Bergen hupata mvua zaidi ya siku 200 kwa mwaka. Dodoma hupata kama milimita 570 kwa mwaka mzima, na Bergen hupata zaidi ya 2,000. Wageni wengi hununua tiketi ya boti, huona mawingu asubuhi, kisha huhuzunika. Mimi nililelewa katika nyumba ambayo wingu likitanda mwezi wa Novemba watu hutoka uani kulitazama kwa shukrani, na naamini kwamba sisi tuna jicho la kuipenda hali ile kuliko mtu yeyote. Ukungu unapokaa katikati ya fyordi hutenganisha safu moja ya milima na nyingine, kila moja ikififia zaidi ya iliyo mbele yake, na maporomoko ambayo siku ya jua ni uzi mwembamba huongezeka hadi kila ufa wa mwamba unatiririka. Ukiniuliza, siku ya mvua ndogo katika Nærøy inazidi siku ya jua kali.

Siku hizo ndizo zinazohitaji kifaa ninachokithamini kuliko lenzi, nacho ni hiki: filta ya kukata mng'ao, inayozungushwa kwa vidole mbele ya lenzi. Maji, mwamba uliolowa na majani yenye unyevu vyote hurudisha mng'ao mweupe unaoficha rangi yake halisi. Ukiizungusha filta taratibu unauona ule weupe ukiondoka, jiwe likiwa jeusi na majani yakiwa kijani kizito. Inakula mwanga kiasi, na si ya kutumiwa kwa anga pana la bluu, maana upande mmoja wa anga huwa mweusi kuliko mwingine. Ongeza kifuniko cha mvua na vitambaa viwili vikavu vya kufutia kioo, na usinunue filta nyingine yoyote.

Kuhusu treni, kioo cha dirisha ndicho adui yako. Chukua kaniki ya bibi, ifunike kamera na mikono yako, uisogeze lenzi hadi ikaribie kugusa kioo, na taa za ndani hazitaonekana tena katika picha. Tumia kasi ya sehemu ya 1/1000 ya sekunde kwa sababu treni inatikisika. Mtakapopita Finse, ongeza mwangaza kwa hatua moja, vinginevyo kamera itaigeuza theluji kuwa ya kijivu.

Droni iliyomo katika orodha yako ningeiacha Kongwa. Ina sheria zake za usajili na maeneo yaliyokatazwa huko, ina sheria nyingine hapa nyumbani, na haipendi mvua. Betri za akiba zote, pamoja na pawabenki, ziwe katika mfuko wa mkononi ndani ya ndege, kila moja isizidi wati-saa 100. Na siku ya baridi ziweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili, kwani baridi huzimaliza upesi. Chaja zako za miguu mitatu zitahitaji adapta ya miguu miwili ya mviringo.

Mwamba wa Preikestolen nimeuondoa kwa sababu nyingine pia. Uko mita 604 juu ya maji na kuupanda ni kilomita 4 za mawe, kisha 4 za kurudi. Niliupanda nikiwa na kilo 9 mgongoni, nikafika juu magoti yakitetemeka, nikakaa kwenye ukungu kwa saa nzima bila hamu hata ya kufungua mfuko. Mimi sikuchoshwa na mlima. Nilichoshwa na lenzi ambazo siku ile sikuzigusa.

Mna miezi ya kufanya mazoezi, na mahali pa mazoezi mnapo. Nendeni bwawa la Hombolo asubuhi, mpige maji yale yale mkiwa na filta na bila filta. Nendeni Kolo, Kondoa, kwenye michoro ya miambani, mkaone jinsi stendi ya miguu mitatu inavyosaidia penye kivuli. Tafuteni kilima chochote cha mawe chenye nyumba chini yake, mkajaribu kuipata picha ile ya ukuta na nyumba.

Sasa naweka ndani ya mfuko huu kamera, lenzi moja, filta, betri tatu, kadi mbili za kumbukumbu, stendi nyepesi, pawabenki na kaniki. Mdogo wangu ameazima mizani ya duka la unga hapo jirani. Mfuko wote, Mwalimu, una kilo 3 na nusu, na bado una nafasi ya koti la mvua.