Kifaa kikifa siku ya tatu: namna ya kuwafundisha mafundi wa intaneti ya vitu

Wakufunzi wenzangu, habari za asubuhi. Mitaala mingi ya intaneti ya vitu, yaani vifaa vinavyopima na kutuma taarifa vyenyewe mtandaoni, huanza kwa kuwasha taa ndogo kwenye bodi na kuishia na grafu ya kupendeza kwenye simu. Mwanafunzi anapewa cheti, anatumwa akafunge kifaa juu ya simtanki la zahanati, na siku ya tatu kifaa kinanyamaza. Leo tuzungumzie hiyo siku ya tatu.

Si kwamba elimu haipo. Chuo Kikuu cha Rwanda kina kituo cha umahiri cha intaneti ya vitu tangu 2017, na Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela inatoa shahada ya uzamili ya mifumo pachikwa, yaani kompyuta ndogo zinazowekwa ndani ya vifaa. Wanaohitimu huko ni wabunifu, na tunawahitaji. Anayekosekana ni fundi wa ngazi ya cheti, yule anayepanda ngazi na multimita mfukoni. Sola za kulipia kidogo kidogo zenye laini ya simu ndani zimeshaenea vijijini, na mwenye nazo zikimsumbua humwita fundi redio.

Napendekeza kozi nzima ijengwe juu ya kazi moja: kupima maji kwenye simtanki la lita 1,000. Vifaa ni bodi ya ESP32 (kompyuta ndogo yenye WiFi), kihisi cha mwangwi kinachopima umbali kwa sauti inayogonga maji na kurudi, betri moja ya lithiamu ya 18650 inayochajiwa, paneli ndogo ya sola na boksi lisiloingiza maji. Seti moja kwa wanafunzi wawili. Wakiwa wanne, wawili watageuka watazamaji.

Tuanze na umeme. Kihisi cha mwangwi cha HC-SR04 kinatumia volti 5 na kinarudisha ishara ya volti 5, lakini pini za ESP32 zimetengenezwa kwa volti 3.3. Kwa hiyo unaweka rezista ya kiloohm 1 kutoka kwenye kihisi hadi kwenye pini, na ya kiloohm 2 kutoka kwenye pini hadi hasi. Ubaya ni kwamba hata bila rezista mara nyingi kifaa kitafanya kazi mezani, na mwanafunzi ataona unamsumbua bure. Usibishane naye. Mwambie aingize volti 5 tulivu kwenye hizo rezista, apime pale rezista mbili zinapokutana, asome 3.3. Asijaribu kupima ishara yenyewe kwa multimita, kwa sababu inapita haraka mno na namba atakayoiona haina maana.

Kisha fizikia. Programu nyingi za mfano huhesabu umbali kwa kasi ya sauti ya mita 343 kwa sekunde. Hiyo ni kasi ya sauti kwenye hewa ya nyuzi 20. Ndani ya simtanki lililopigwa na jua la Dodoma hewa inafika nyuzi 35 bila shida, na kasi inakuwa kama mita 352. Maji yakiwa mita 1 chini ya kihisi, kosa ni sentimita 2 na nusu hivi. Kwenye simtanki lenye kipenyo cha mita 1.1 hiyo inazidi ndoo ya lita 20, na linaonekana lina maji mengi kuliko yaliyomo. Dawa yake ni kihisi cha joto cha DS18B20 pamoja na mstari mmoja wa programu unaorekebisha kasi kulingana na joto. Wapeni wanafunzi hesabu hii waifanye wenyewe, huwa inawaamsha.

HC-SR04 yenyewe haifai kukaa ndani ya simtanki, kwa kuwa mvuke unakula viungo vyake. Tumia ile yenye kichwa kilichofungwa, kama JSN-SR04T, lakini ujue haisomi vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita 20 hadi 25. Ukiifunga kwenye mfuniko bila kuinyanyua, simtanki likijaa itakupa namba za ajabu. Na isikae karibu na ukuta, la sivyo itapima ukuta.

Betri ndiyo inayoua vifaa vingi, kwa hiyo hapa msiharakishe. Bodi ikiwa macho na WiFi imewashwa, chukua wastani wa miliampea 100. Betri ya miliampea-saa 2,500 (mAh) inaisha ndani ya saa 25. Sasa ilaze: iamke kila dakika 15, ifanye kazi sekunde 10, ilale tena. Kuamka huko kunagharimu wastani wa miliampea 1.1 tu. Mwanafunzi anashangilia, anaandika miezi mitatu. Akipima anakuta bodi ikiwa usingizini bado inakula miliampea 10. Chipu imelala kweli, lakini taa ya bodi, chipu ya USB na kirekebisha volti viko macho. Miezi mitatu imegeuka siku tisa. Usimpe jibu, mwache aseti multimita kwenye mstari wa betri atafute mwizi.

Upande wa mtandao, kosa kubwa ni programu inayosema "jaribu mpaka upate". Ruta ikizimika na umeme wa mtaa, kifaa kitajaribu usiku kucha na kumaliza betri. Weka kikomo cha sekunde 20, hifadhi kipimo, lala. Anayetumia moduli ya SIM800L, inayotuma data kwa laini ya simu badala ya WiFi, ajue kwamba inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa kufumba na kufumbua. Ukiilisha kutoka kwenye pini ya 3.3 ya bodi itajizima na kujiwasha bila mwisho, na wanafunzi watailaumu laini. Ipe volti kama 4 moja kwa moja kutoka kwenye betri, waya fupi nene, na kapasita ya mikrofaradi 1,000 kando yake.

Usalama nao usiachwe uwe mada ya wiki ya mwisho. Mwaka 2016 virusi vya Mirai viliteka kamera na ruta kwa maelfu kwa kujaribu nywila za kiwandani tu. Kila seti ipate nywila yake siku ya kwanza, na data ipite kwenye MQTT (utaratibu wa vifaa kutuma ujumbe kwenye seva) yenye usimbaji, yaani data ikiwa imefichwa kwa msimbo, kwa mlango wa 8883, si 1883 usio na usimbaji.

Mtihani je? Kifaa kikae juu ya simtanki siku 30. Kila dakika 15 ni vipimo 96 kwa siku, yaani 2,880 kwa jumla. Nusu ya alama zitokane na idadi iliyofika kwenye seva. Nusu nyingine, na mimi hii ndiyo ninayoithamini, itokane na maelezo ya vile ambavyo havikufika: saa ngapi, kwa nini, na ushahidi uko wapi. Mwanafunzi aliyepoteza vipimo 400 na anajua vilikopotelea apate alama nzuri kuliko aliyepoteza 50 na anasema "mtandao ulisumbua".

Seti mbili ziko mezani, moja ina hitilafu. Multimita hizi hapa, karibuni muitafute kabla ya chai.